Kuwaondoa daftarini wapiga kura wasioshiriki: maana yake nchini Marekani

Kuwaondoa daftarini wapiga kura wasioshiriki ni utaratibu ambao serikali ya jimbo hufuta jina la mtu aliyejiandikisha kihalali, kwa kuwa hajapiga kura kwa miaka kadhaa na hakujibu alipoulizwa kwa barua kama bado anaishi palepale. Mtu huyo hajathibitika kufariki wala kuhama. Anadhaniwa tu kwamba amehama.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inayataka majimbo yaondoe majina ya waliofariki na waliohama, lakini inakataza kumfuta mtu kwa sababu tu hakupiga kura. Anayedhaniwa kuhama hutumiwa kwanza kadi, ambayo huirudisha kwa posta bila kulipa chochote. Asipoirudisha, na chaguzi kuu mbili za shirikisho zikapita bila yeye kupiga kura, hufutwa.

Mzozo ulitokea Ohio, jimbo ambalo lilichukulia miaka 2 ya kutopiga kura kuwa dalili tosha ya kuhama. Mkazi mmoja alifika kituoni mwaka 2015 akakuta jina lake halimo, ilhali hakuwa amehama. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwezi Juni 2018 majaji 5 dhidi ya 4 waliupitisha utaratibu huo, Jaji Samuel Alito akieleza kwamba anayefutwa hafutwi kwa kutopiga kura peke yake, bali pia kwa kutoirudisha kadi.

Hapo ndipo penye uzito, na takwimu alizozitaja Jaji Stephen Breyer katika kupinga hukumu hiyo zinastahili kusomwa taratibu. Mwaka 2012 Ohio ilituma kadi zipatazo milioni 1.5. Watu 60,000 hivi walijibu kuwa wamehama, wengine 235,000 hivi wakajibu kuwa hawajahama, na zaidi ya milioni 1 hawakujibu lolote. Daftari lazima lisafishwe, hilo halina ubishi; lakini ukimya wa watu wengi kiasi hicho, kwa maoni yangu, unatueleza jinsi barua za serikali zinavyowekwa kando bila kusomwa, wala si ushahidi wa kuhama.

Aliyefutwa anaweza kujiandikisha upya, ila Ohio hufunga uandikishaji siku 30 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo anayegundua akiwa kituoni huwa ameshachelewa.