Lipu ya saruji haikaushi ukuta wa zamani

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: nyumba ya zamani ikiwa na unyevu ukutani, bandua lipu ya chokaa, piga ya saruji, tatizo limekwisha. Si kweli.

Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya maji, kisha huyatoa polepole kupitia lipu yake. Saruji huziba njia hiyo. Maji hayapotei; hupanda juu zaidi au hutokea upande wa ndani. Miezi ya mwanzo ukuta huonekana mkavu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Baadaye rangi hutoa malengelenge, chumvi nyeupe huchanua, na ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi: lipu imeachana na jiwe. Kwenye nyumba mpya ya matofali ya saruji lipu hiyohiyo haina neno, ndiyo maana ushauri unaaminika.

Kabla ya kumwita fundi, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ziba kingo zote kwa utepe, subiri siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani: fungua madirisha. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Kagua gata, na usawa wa udongo wa nje uwe chini kuliko sakafu kwa sentimita 15 hivi. Ndipo upige lipu: chokaa 1, mchanga safi 3, kila tabaka lisizidi milimita 10.

Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.