Bomba la kijiji halimsubiri Rais

Marekani kuna dhana ya miaka mingi: mafuriko yakivunja mabomba ya mji mdogo, hakuna senti ya serikali kuu mpaka Rais atangaze janga. Si kweli.

Dhana imetokana na FEMA, shirika la maafa. Fedha zake za kukarabati miundombinu ya umma husubiri tangazo hilo, na hata likitoka, kwa kawaida hulipa angalau asilimia 75 ya gharama, si zote.

Lakini upo mfuko mwingine, na ajabu uko Wizara ya Kilimo, kwa sababu ndiyo inayoshughulikia maendeleo ya vijijini. Unahudumia maeneo yenye watu wasiozidi 10,000 na kipato cha chini. Tangazo la Rais si sharti. Ukame, tetemeko, hata kemikali kumwagika mtoni vinatosha. Ni ruzuku, si mkopo: hadi dola 150,000 kuziba mabomba yaliyopasuka, au hadi dola milioni 1 kwa chanzo kipya au mtambo wa kusafisha maji. Waombaji ni serikali za mitaa, makabila ya wenyeji na vyama visivyo vya faida. Mwenye kisima chake nyumbani hahusiki.