Kwa nini simbi za Zanzibar zilinunua mawese Lagos?

Katikati ya karne ya 19, simbi zilikuwa tele kwenye fukwe za Zanzibar na mrima. Ni kauri ndogo zenye pete ya manjano mgongoni. Watu waliziokota mwambani bamvua lilipokupwa, wakazifukia mchangani mpaka nyama ioze, kisha wakaziuza kwa bei ya chini. Upande wa pili wa Afrika, Lagos na Whydah (bandari ya Benin ya leo), simbi hizohizo zilikuwa pesa. Iliwezekanaje?

Huku zilijaa, kule hazikuwepo kabisa, kwa maana kauri za aina hiyo haziishi Bahari ya Atlantiki. Haziozi, hazivunjiki ovyo, na hakuna fundi aliyeweza kuzighushi. Kwa karne nyingi Afrika Magharibi ilipata kauri zake kutoka Maldivi, na kila hatua ya safari ilizidisha bei. Kilichokuwa adimu hasa ni usafiri.

Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg wakaona mwanya. Kampuni ya Hertz, na baadaye O'Swald, zilipakia simbi Zanzibar, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikashusha mzigo Afrika Magharibi na kuchukua mawese, yaliyokuwa yakitafutwa Ulaya kwa ajili ya sabuni na mishumaa. Waliotangulia walivuna. Lakini faida nono haifichiki: Wafaransa wa Marseille nao wakaingia, na simbi zikamwagwa kwa maelfu ya tani.

Hapo bei za vitu zikaanza kupanda. Sokoni Lagos simbi 40 zilitungwa uzi mmoja, nyuzi 50 zikafanya kichwa, na vichwa 10 vikajaza gunia, yaani simbi 20,000. Huko bara Kano, msafiri Heinrich Barth alikuta mwaka 1851 kwamba dola moja ya fedha ilikuwa sawa na simbi kama 2,500. Fikiria kazi ya kuhesabu dola mia! Na simbi za Zanzibar ni kubwa na nzito kuliko zile za Maldivi. Kadiri thamani ilivyoshuka, ujira wa mpagazi ulizidi kuumeza mzigo wenyewe, na aliyekuwa ameweka akiba ya simbi ndani alizidi kuwa maskini bila kuibiwa hata moja.

Wapo wanaocheka kwamba watu walitumia makombe kama pesa. Wangeanza na Ulaya, ambako katika karne ya 16 fedha kutoka migodi ya Potosí, Amerika Kusini, ilichangia kupandisha bei kwa namna hiyohiyo, nayo fedha ni madini.

Serikali za kikoloni hatimaye zilitaka kodi ilipwe kwa sarafu, na biashara kubwa ikaziacha simbi. Hata hivyo, kwa Walobi wa Burkina Faso ya leo ziliendelea kutumika sokoni kwa miongo kadhaa ya karne ya 20. Kwa mnunuzi wa kiganja cha karanga, sarafu ya kikoloni ilikuwa kubwa mno; simbi, kwa urahisi wake, ilitosha.