Je, wajua jinsi mtu mmoja alivyoishi chini ya tawala tano za Ujerumani?

Gustav Gerneth alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1905 katika mji wa bandari wa Stettin, akafariki tarehe 21 Oktoba 2019 mjini Havelberg, siku sita baada ya kutimiza miaka 114. Ikiwa alipitia tawala tano, sababu si umri wake peke yake, bali pia ni kwamba nyingi za tawala hizo zilikuwa na maisha mafupi.

Alizaliwa zama za Kaisari Wilhelm wa Pili, yule yule ambaye mwaka huo majeshi yake yalikuwa yakipigana na wapiganaji wa Maji Maji, kusini mwa Tanzania ya leo. Ufalme huo ulipoanguka Novemba 1918, Gerneth alikuwa na miaka 13. Jamhuri ya Weimar, iliyochukua nafasi yake, ilidumu miaka 14 na utawala wa Wanazi miaka 12. Katika vita alivyoanzisha Hitler, Gerneth alitumika kama fundi mitambo wa jeshi la anga, na mwishowe akawa mateka wa Wasovieti. Alipoachiliwa hakuwa na kwao pa kurejea, kwa kuwa Stettin ulikuwa umekabidhiwa Poland na kuitwa Szczecin. Ndipo akahamia Havelberg, mji mdogo kando ya mto Havel, ndani ya Ujerumani Mashariki, dola iliyoanzishwa 1949 na ambayo aliishi ndani yake kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Mkewe, Charlotte, alifariki mwaka 1988. Ujerumani mbili zilipoungana tarehe 3 Oktoba 1990, zilibaki siku 12 tu Gerneth atimize miaka 85, na bado akaishi katika nchi hiyo mpya miaka 29, mingi kuliko ya Weimar na ya Wanazi ikijumlishwa.

Waandishi wa habari walipomuuliza siri ya umri wake, alisifia chakula kizuri, hasa siagi halisi. Jibu hilo linapendeza, lakini mlo wa mtu mmoja hauthibitishi lolote. Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba alikuwa mwanamume, maana karibu watu tisa kati ya kila kumi wanaofikisha miaka 110 ni wanawake. Masazo Nonaka wa Japani alipofariki Januari 2019, akiwa na miaka 113, duniani hakujulikana mwanamume aliye hai mwenye umri uliozidi wa Gerneth.