Stempu kuukuu si lazima iwe na bei

Mtu akifungua sanduku la marehemu babu yake akakuta stempu yenye kichwa cha Malkia Victoria, anachouliza kwanza ni bei. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba stempu ikiwa ya kale, basi ni mali.

Chukua Penny Black ya Uingereza, stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa kwenye barua, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840. Kwa ukongwe haina mpinzani, lakini adimu si adimu. Zilichapishwa zaidi ya milioni 68 kabla ya kuachiwa nafasi stempu nyekundu mwaka 1841, maana muhuri mwekundu wa kuonyesha kwamba stempu imetumika haukuonekana sawasawa juu ya weusi na wajanja waliufuta, wakaitumia stempu tena. Nyingi zimesalia, kwa kuwa barua za siku zile zilikunjwa, karatasi yenyewe ikawa ndiyo bahasha: aliyetunza barua alitunza na stempu yake. Tena hazikuwa na vitobo pembeni. Zilikatwa kwa mkasi. Iliyobaki na ukingo pande zote nne ina bei yake, na ile ambayo mkasi umeingia hadi kwenye picha ina yake.

Ishike karibu na macho uone herufi mbili kwenye pembe za chini. Wapo wanaodhani ni za jina la mchapaji. Sizo. Karatasi moja ilibeba stempu 240, safu 20 za stempu 12 kila moja, na herufi zilionyesha stempu ilikaa wapi: AA ya kwanza kabisa, TL ya mwisho. Mghushi aliyenakili stempu moja tu angejifichua, kwa kutoa herufi zilezile kila mara. Na kwa kuwa kila stempu ilikuwa ya peni moja, na pauni ilikuwa peni 240, karatasi nzima ilinunuliwa kwa pauni moja kamili.

Wengine husema stempu ndiyo iliyoleta posta. Posta ilikuwepo zamani. Ila mara nyingi aliyelipa alikuwa mpokeaji. Rowland Hill, mwanamageuzi wa posta wa Uingereza, ndiye aliyepigania mtumaji alipe mapema.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba bahasha ni takataka: stempu ikatwe, iloweshwe, ibandikwe kwenye albamu. Kuanzia 1875 posta ya Zanzibar ilikuwa chini ya India, na hadi 1895, neno Zanzibar lilipoanza kupigwa chapa juu ya stempu za India, barua za kisiwani zilibeba stempu hizo tupu, bila neno hilo. Kwa macho, ni sawa na zilizotumika Bombay. Kinachozitofautisha ni muhuri wa posta, ule wino uliopigwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha. Pitisha mkasi hapo, na jina la Zanzibar huenda likabaki kwenye kipande unachokitupa.