Samaki wa Mto Mara wanakula nini?

Ukitaka kujua kwa nini ni nadra kumpata ningu, samaki wa mto huu, kwa ndoana na chambo cha nyungunyungu, mgeuze umtazame mdomo. Umekaa chini ya kichwa, una midomo minene, na kazi yake ni kukwangua. Ningu hupita juu ya mawe akila ule utelezi wa kijani ambao umewahi kumwangusha kila mtu aliyevuka mto pekupeku: mwani, bakteria na masalia ya mimea iliyooza. Mpasue uone utumbo mwembamba, uliojiviringa kama kamba ya kisimani, mrefu kuliko mwili wake mara nyingi, umejaa kitu kama tope. Mlo hafifu kama huo hauna budi kukaa sana tumboni.

Kuyu yeye hachagui. Wadudu, konokono, majani, samaki wadogo, vyote sawa kwake.

Lakini sehemu kubwa ya chakula cha Mara hutoka nchi kavu. Nyumbu wa Serengeti wakivuka, wengi huzama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria wastani wa mizoga 6,250 kwa mwaka, zaidi ya tani 1,100. Mamba na tai hula sehemu ndogo tu. Wakati mizoga ipo, nyama yake hufikia theluthi hadi nusu ya mlo wa samaki walio wengi mtoni. Nyama ikiisha, mifupa hubaki kwa miaka, huota utelezi, nao huliwa.

Kiboko naye hula nyasi usiku na kurudi kunya majini. Kinyesi hurutubisha mto, ila kikirundikana kwenye madimbwi ya kiangazi humaliza oksijeni. Mvua ya ghafla ikiyasukuma maji yale meusi, samaki huelea wamekufa, na watu husema mto umetiwa sumu. (Wako wanaotia sumu kweli, lakini si kila mara.)

Masika, ningu hupanda kutoka Ziwa Victoria kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurikwa. Nyavu za makila, zinazotegwa majini kumnasa samaki anayepita, ziliwavizia kwenye midomo ya mito, na uvuvi wa ningu ukaporomoka. Sangara, samaki mla samaki aliyepandikizwa ziwani, anasingiziwa mengi; ningu alishaadimika kabla yake kutamba ziwani. Jike anayenaswa hapo, tumbo limetuna kwa mayai, alikuwa bado hajazifikia nyasi.