Bunge si Wananchi, Hata Likijaa Pomoni

"Wabunge tumewachagua wenyewe, kwa hiyo wakibadili katiba ni sisi tumeibadili." Kila muswada wa marekebisho ukitajwa, kauli hii hiyo, tena mara nyingi kutoka kwa watu waliosoma sheria.

Mamlaka ni mawili: ya kutunga katiba na ya kuirekebisha. Sieyès, mwandishi wa siasa wa Ufaransa, aliyatenganisha mwaka 1789. Ya kwanza ni ya wananchi, hayapewi na sheria yoyote. Ya pili yamo ndani ya katiba, yana masharti, na Bunge limekabidhiwa hayo tu. Kenya ilikwisha kulisikia hili mwaka 2004, Mahakama Kuu iliposema katika kesi ya Njoya kwamba Bunge linaweza kurekebisha katiba, haliwezi kuitupa na kuandika nyingine bila kura ya maoni. Rasimu ya 2005 ikaangushwa na wapigakura, ya 2010 ikapita.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi kifungu cha 257 cha katiba hiyo ya 2010 kinavyosomwa. Ni mlango wa raia: saini milioni moja za wapigakura waliosajiliwa, tume ya uchaguzi izihakiki, mabunge ya kaunti yapewe miezi mitatu, 24 kati ya 47 yakikubali muswada uende Bungeni. Bunge likiukataa, au ukigusa mambo ya kifungu cha 255 kama muhula wa Rais au Sheria ya Haki, unakwenda kwa kura ya maoni. Bunge lina mlango wake, kifungu cha 256: theluthi mbili ya wajumbe wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya Seneti, na siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili. Rais akiruhusiwa kuingilia mlango wa raia, saini milioni zinageuka kazi ya kuajiri watu wa kuzikusanya. Ndiyo maana Machi 2022 Mahakama ya Juu, katika kesi ya BBI, mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kurekebisha katiba, ilisema Rais hawezi kuuanzisha mchakato huo. Hapo "lakini wananchi walitia saini" si jibu. Swali ni nani aliyeandika walichokitia saini.

Na tafadhali, ile asilimia 20 inayotakiwa katika kura ya maoni ya kifungu cha 255 ni ya waliojitokeza, si ya waliosema ndiyo. Katika angalau nusu ya kaunti, asilimia 20 ya waliosajiliwa wapige kura, kisha wingi wa kawaida wa kura zilizopigwa unaamua. Piga hesabu: marekebisho yanaweza kupita ilhali waliosema ndiyo hawafiki robo ya waliosajiliwa. Hao ndio "wananchi wamesema".

Sasa penye kigugumizi. Je, kuna sehemu za katiba ambazo hata kura ya maoni haizigusi? India ilisema mwaka 1973, kwa majaji 7 dhidi ya 6, kwamba Bunge haliwezi kuuvunja muundo wa msingi, yaani nguzo zinazoifanya katiba iwe katiba ile ile. Mahakama mbili za chini Kenya zilikubali fundisho hilo, Mahakama ya Juu ikalikataa. Mimi huyumba. Bila kizuizi, wingi wa msimu mmoja unaweza kufuta kila kitu. Kukiwa na kizuizi, tofauti ya jaji mmoja ndiyo inayowapangia mamilioni.

Mwanzo wenyewe wa katiba nao una najisi zake. Mkataba uliotangulia katiba ya Marekani ulitaka majimbo yote 13 yaafiki mabadiliko. Walioandika mwaka 1787 wakaamua 9 yanatosha. Ujerumani haikuipigia Sheria ya Msingi ya 1949, yaani katiba yake, kura ya maoni, nayo ipo imara. Basi ridhaa hupatikana lini, siku ya kura au baada ya miaka ya kuishi na maandishi?

Chile hulifanya swali liwe gumu zaidi. Mwaka 2020 karibu asilimia 78 walitaka katiba mpya. Mwaka 2022 wakaikataa rasimu ya kwanza kwa karibu asilimia 62, na 2023 wakaikataa ya pili. Ikabaki ile ya 1980, iliyotungwa chini ya mtawala wa kijeshi Pinochet na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Anayeshika "wananchi wamesema" kama kauli ya mwisho atueleze hapo walisema nini.